Kipupwe Mama Aliporudi Ofisini

Harufu ninayoikumbuka ni ya pasi ya mkaa ikipita juu ya sketi ya sufu iliyokaa sandukuni miaka mingi. Asubuhi za Mafinga mwezi wa sita zina baridi inayouma mpaka kwenye meno, na nyumba yetu ilikuwa jirani na mashine za kupasulia mbao, kwa hiyo siku zote tuliamka ndani ya harufu ya mipaina mibichi, harufu tuliyoizoea kiasi cha kutoisikia tena. Asubuhi ile kulikuwa na nyingine iliyoipita. Nilifungua macho nikamwona mama amesimama mezani, amejifunga khanga kifuani, akiinyunyizia maji sketi ya kijivu kwa ncha za vidole na kuipitishia pasi taratibu kama mtu anayeogopa kuiamsha. Mvuke ulipanda ukiwa umebeba mkaa, vidonge vyeupe vya kufukuzia nondo, na kitu kingine ambacho sikuwa na jina lake, harufu ya mama kabla mimi sijazaliwa. Alipoivaa haikufunga kiunoni. Aliivuta, akabana pumzi, akaivuta tena, mwishowe akaishikiza kwa pini ya nepi ya mdogo wangu na kushushia sweta juu yake. Kisha akanigeukia. "Tumpe, inaonekana?" Nikamwambia haionekani. Ilikuwa inaonekana.

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Mdogo wangu Neema alikuwa na minne, na alikuwa na pumu. Ikija baridi kifua chake kilipiga filimbi na midomo ikabadilika rangi. Kabla yetu sisi, mama alikuwa katibu muhtasi katika ofisi moja mjini Iringa. Alisomea kupiga chapa na hati mkato, yale maandishi ya haraka ya mikwaju na nukta ambayo makatibu wa zamani waliyatumia kunasa maneno ya mtu palepale anapoyatamka. Nilipozaliwa, baba, ambaye kazi yake ilikuwa kupima mbao, alihamishiwa Mafinga, na mama akaacha kazi ili anilee. Ilikuwa iwe mwaka mmoja. Lakini nilikuwa mtoto wa kuumwaumwa, halafu mimba mbili zikaharibika, halafu akaja Neema na kifua chake, na ule mwaka mmoja ukawa kumi na mmoja. Kilichobaki cha ofisi ni ile hati mkato. Orodha ya vitu vya sokoni aliiandika kwa mikwaju. Tarehe za kliniki ya Neema alizitia kwenye kalenda ya ukutani kwa mikwaju. Baba akifungulia redio taarifa ya habari, kidole cha mama kilitembea chenyewe juu ya meza, kikiandika maneno ya mtangazaji mahali ambapo hapakuwa na karatasi wala kalamu. Nilidhani kila mama anafanya hivyo.

Tangazo aliliona limebandikwa ukutani alipokwenda kununua daftari zangu. Chama cha wapanda miti kilikuwa kinatafuta katibu. Aliandika barua kwa mkono, akaifuta, akaiandika upya mara nne, na baada ya wiki tatu akaitwa, akahojiwa, akaambiwa aanze kwa miezi mitatu ya majaribio. Siku aliyoleta habari hiyo baba alikuwa anavua viatu vilivyojaa vumbi la mbao.

"Na huyu wa kifua?" baba akauliza, akimwonyesha Neema kwa kidevu.

"Shule zinafungwa. Tumpe atakuwa naye. Zikifunguliwa, Mama Kihwele amesema atanishikia mpaka Tumpe arudi."

Mama Kihwele alikuwa jirani yetu, mlango unaotazamana na wetu. Baba aligonga soli ya kiatu ukutani. "Haya," akasema. "Jaribu." Baba hakuwa mtu mbaya na sitaki kumsingizia. Lakini alilisema neno hilo kwa sauti ya mtu anayemruhusu mtoto apande mti mfupi.

Wiki ya kwanza mama alirudi jioni akiwa mwepesi. Alitusimulia kwamba meza yake iko dirishani, kwamba mlinzi anampigia saluti, kwamba meneja amemwita Bibi Katibu mbele za watu. Alikula huku anaongea, jambo ambalo sisi alikuwa akitukataza. Wiki ya pili habari zikapungua. Pale ofisini hapakuwa na mashine ya chapa. Kulikuwa na kompyuta mbili, moja yake na nyingine ya Dada Hepi, msichana wa miaka ishirini na kitu aliyekuwa pale kwa mafunzo ya vitendo. Herufi zilikaa mahali palepale vidole vya mama vilipozijua, na kwa kasi hakuna aliyemfikia. Lakini yeye alizoea mashine ya chuma inayotaka kugongwa, akaigonga na ile ya plastiki vivyo hivyo, mpaka vijana wa chumba cha pili wakawa wanachungulia mlangoni. "Mama, hiyo haipigwi, inaguswa tu," mmoja wao alimwambia. Alitusimulia hilo huku anacheka, baba akacheka, nami nikacheka. Baadaye ndipo nilipotambua kwamba tulianza kucheka pamoja lakini yeye aliacha mapema.

Kilichomshinda hakikuwa kuandika, kilikuwa ni kutunza alichoandika. Siku moja alichapa ripoti ya kurasa kumi na moja tangu asubuhi mpaka saa nane mchana. Umeme ukakatika, na uliporudi hapakuwa na kitu. Alimuuliza Dada Hepi kurasa zimekwenda wapi. Dada Hepi akamuuliza kama alisevu. Mama akasema, "Niliandika." Kwake hilo lilikuwa jibu kamili. Miaka yake yote ya kazi, kitu kikishachapwa kilikuwa tayari karatasi. Ungeweza kukichana, ungeweza kukichoma, lakini hakikuweza tu kutokuwepo. Meneja hakumfokea. Alisema asijali, Hepi ataimalizia, na mama alituambia kwamba lile neno "asijali" alilisema akiwa anamtazama Hepi.

Dada Hepi naye alikuwa binti mwema. Alimwandikia hatua zote kwenye daftari, moja baada ya nyingine, na mama akazinakili upya kwa hati mkato ili azishike. Jioni alizikariri akikoroga uji: fungua, andika, sevu, ipe jina, sevu tena. Neema aliyadaka maneno yale kama wimbo, akawa anaruka kamba uani akiyaimba, fungua andika sevu, fungua andika sevu. Mama akatoka na mwiko mkononi akamwambia anyamaze. Hakuwa amewahi kumkataza Neema kuimba, kwa sababu siku Neema alizoweza kuimba zilikuwa ndizo siku nzuri.

Nami nyumbani nilikuwa na shida zangu, na katika umri ule shida zangu ndizo nilizoziona. Shule zilikuwa zimefungwa, wenzangu wanakwenda kuokota kuni msituni wakirudi wanacheka, mimi nimekaa na mtoto. Nilisonga ugali ukawa na madonge. Niliunguza maharage siku mbili mfululizo. Neema, ambaye alikuwa ameacha kukojoa kitandani, alianza tena, na kila alasiri alikwenda kusimama kwenye ua wa mabanzi akisubiri, hata niliposema bado saa mbili nzima. Siku moja mama ameshafika, amekaa jikoni anavua soksi, Neema alijikwaa akaanza kulia, akapita mbele yake moja kwa moja akaja kwangu akisema, "Mama, nimeumia." Mama aliinuka akaanza kutafuta chumvi kabatini. Chumvi ilikuwa juu ya meza.

Wiki ya tano alisahau miwani yake nyumbani. Nikamfunga Neema mgongoni nikampelekea. Mlinzi alinionyesha dirisha, na kabla sijabisha nilimwona. Alikuwa amekaa wima kabisa, mabega yamepanda, macho ameyabana kwa kukosa miwani, na Dada Hepi amesimama nyuma yake, mkono wake juu ya mkono wa mama, wanasukuma pamoja kile kipanya cha kompyuta, jinsi mwalimu wa darasa la kwanza alivyotushika mkono kutufundisha kuandika a. Vijana wawili waliokuwa pembeni walikuwa wakitazama. Mama alikuwa na sura niliyoijua kwa Neema, ile ya kusubiri kuambiwa kama amekosea. Ningependa kuandika hapa kwamba nilimhurumia. Niliona haya. Nilimwachia mlinzi miwani nikaondoka haraka, na njia nzima nilikuwa naomba Mungu, kwa maneno wazi kabisa, kwamba kazi ile iishe.

Sasa nije kwenye siku yenyewe. Ilikuwa Jumamosi, karibu na mwisho wa mwezi wa saba. Wajumbe wa bodi ya chama walikuwa na kikao, na mama ndiye aliyetakiwa kuandika muhtasari wake. Kwa mkono, kwa sababu meneja alitaka kila neno la wajumbe linakiliwe, na hakuna mwingine pale aliyeweza. Tangu aanze kazi hapakuwa na siku aliyopewa kitu alichokijua zaidi ya wote. Alichonga penseli tatu asubuhi ile, akazipanga mfukoni mwa sweta. Alijipaka mafuta usoni mara mbili. Lakini Jumamosi hiyohiyo kwaya ya watoto ya usharika wetu ilikuwa inakwenda Ilula kuimba, basi limekodiwa, na mimi nilikuwa nimepewa kuanzisha wimbo wa pili. Mama aliniahidi tangu mwezi wa sita. Nilipomkumbusha akiwa tayari mlangoni, alishika kichwa.

"Nimesahau, mwanangu. Nisamehe. Baba yako yuko msituni mpaka kesho. Mama Kihwele anakwenda msibani saa nne. Nitafanyaje?"

"Uliahidi."

"Niliahidi. Safari nyingine utakwenda."

Akaondoka. Basi lilikuwa liondoke saa tatu. Nilikaa na Neema kizingitini nikiwa nimeshavaa sare ya kwaya, na kadiri jua lilivyopanda ndivyo hasira ilivyonipanda. Halafu nikapata la kufanya. Nilimpeleka Neema kwa Mama Kihwele, nikasema amshike kidogo tu, nikakimbia mpaka ofisini. Nilikimbia kweli, kwa hiyo nilipofika sikuhitaji kuigiza kuhema. Mlango wa chumba cha kikao ulikuwa wazi nusu. Niliona wazee wenye makoti wamezunguka meza, mmoja anaongea, na kwenye kona mama anaandika. Mkono wake ulikuwa unatembea bila yeye kuutazama. Alikuwa amemwelekea yule mzee anayeongea, ametulia, na uso wake haukuwa na ule woga wa dirishani. Nilimwona vizuri. Nililiona hilo kabla sijafungua mdomo, na bado nikaufungua.

"Mama, Neema amebanwa."

Aliinuka kabla sijamaliza. Penseli moja ilianguka ikabingirika chini ya kiti cha meneja. Alisema kitu kwa wale wazee, samahani au naombeni ruhusa, na nje ya geti akavua viatu akavishika mkononi, akakimbia na soksi kwenye barabara ya vumbi, sketi imempanda, pini imefunguka. Sikuweza kumfikia. Kwenye barabara kuu lilipita basi dogo lenye watoto wanaoimba, na mimi nilikuwa ng'ambo ya pili ya barabara.

Nilipofika, Neema alikuwa amekaa mlangoni kwa Mama Kihwele anakula kiazi. Mama alikuwa amepiga magoti mbele yake, sikio amelilaza kwenye kifua cha mtoto. Alikaa hivyo muda mrefu. Neema aliendelea kutafuna juu ya kichwa chake.

"Alikuwa amebanwa," nikasema. "Ikaachia."

Mama akainua kichwa akanitazama. Macho yalishuka mpaka kwenye sare yangu ya kwaya, yakapanda tena. Nilisubiri kofi. Ningelitaka. "Haya," akasema. "Tumshukuru Mungu." Akakaa kwenye kizingiti cha jirani, akapangusa nyayo za soksi zake, akavaa viatu, na akarudi kazini akitembea. Jioni nilisikia akimwambia mtu mlangoni kwamba alikuta kikao kinaendelea, Dada Hepi amekaa kwenye kona anachapa maneno ya wajumbe moja kwa moja kwenye kompyuta iliyosogezwa pale, na meneja alimwashiria kwa mkono kwamba apumzike tu.

Mwezi ulipoisha alituambia kwamba haendi tena. Alisema hivyo akiwa anapepeta mchele, bila kusimama, na baba hakuuliza. Alimwambia tu kwamba alijitahidi, na hilo, kwa baba, lilikuwa neno la upole. Mama hakulia, hakuumwa, hakubadilika kwa jambo ambalo mtu angeweza kulionyesha kidole. Ila baada ya hapo orodha za sokoni alianza kuziandika kwa herufi za kawaida, kama watu wote. Redio ikisoma habari, mikono yake ilikaa mapajani. Nilimtazama mwaka ule, na uliofuata, nikisubiri kidole kile kianze tena. Hakikuanza. Hakuomba kazi nyingine mahali popote, na Neema alipoanza shule na kifua chake kikapata nafuu, mama akawa na siku nzima tupu ya kufagia ua uliokwisha kufagiwa.

Nilibaki na siri yangu. Niliibeba sekondari, nikaibeba chuoni, nikaibeba mpaka kwenye ndoa. Kila nilipomwona mama amekaa nilijua ni mimi niliyemkalisha. Aliachishwa kwa sababu alitoka kwenye kikao, na alitoka kwenye kikao kwa sababu yangu.

Sasa naishi Mbeya, juu kidogo ya Mwanjelwa. Nilikuwa mtaalamu wa maabara hospitalini, kazi niliyoipenda, mpaka walipozaliwa mapacha wangu, nikakaa nyumbani mwaka mmoja, kisha mwingine. Ni miaka sita. Mwaka jana nilianza kutafuta. Nimehojiwa mara mbili. Mara ya mwisho dada mmoja wa rika la Neema alinionyesha picha ya mashine kwenye simu yake akaniuliza kama nimewahi kuitumia, nikasema nimewahi kutumia ile iliyotangulia. Akauliza, "Hii miaka sita ulikuwa wapi?" Nikasema nyumbani, nalea. Akaandika neno moja. Nilijaribu kulisoma kichinichini, sikuweza.

Mwezi wa sita uliopita nilikwenda Mafinga na watoto. Baridi ni ileile, ingawa mashine za mbao za jirani zimehamishwa na pale pana nyumba za kulala wageni. Tulikuwa tumekaa uani na mama tunapukuchua maharage, na sijui kwa nini ilikuwa siku ile, lakini nilimwambia.

"Mama, siku ile ya kikao Neema hakuwa amebanwa."

"Najua," akasema. "Mtoto aliyetoka kubanwa hali kiazi."

"Ningekuacha uandike kikao kile, wangekupa kazi."

Alipukuchua maganda mawili matatu. "Barua yangu ya kuachishwa niliichapa mwenyewe, Tumpe. Jumatatu ya wiki ile, kabla ya kikao." Meneja, alisema, alikuwa na desturi ya kuandika barua kwa mkono na kuziweka zote katika jalada moja, na katibu anachapa kwa mpangilio. Siku hiyo hakukumbuka kuitoa ile. "Nilipoona jina langu juu, nikadhani wananithibitisha kazini. Nikafurahi mpaka mstari wa pili. Iliyofuata ilikuwa ya Hepi, ya kuajiriwa."

"Ukafanyaje?"

"Nikachapa zote mbili. Nikazisevu, nikazipa majina. Hazikuwa na kosa hata moja. Alipokuja kusaini ndipo akashtuka, akatoka nje, akarudi na soda akaniwekea mezani."

"Sasa kwa nini ulikwenda Jumamosi?"

"Mwezi ulikuwa haujaisha."

Nilitegemea kujisikia mwepesi na sikujisikia hivyo. Miaka yote niliposhika kosa langu nilikuwa nimeshika pamoja nalo mama mwingine, yule ambaye angebaki kwenye kona ile mpaka kikao kiishe, wazee wakamsifu, akapewa kazi, akarudi nyumbani anaongea huku anakula. Kama mimi ndiye niliyemzuia, basi aliweza kuwepo. Sasa nimeambiwa hakuwahi kuwepo, hata kwa siku moja, na yeye mama alilijua hilo alipokuwa anachonga penseli. Na mimi, ambaye nilikuwa na mashaka ya kwenda kuhojiwa mara ya tatu, nilihisi kitu fulani ndani yangu kinakaa chini.

"Na wewe," mama akauliza, "wale wa hospitali wamekuandikia nini?"

"Siku hizi hawaandiki, mama. Wanakaa kimya tu."

Aliacha kupukuchua. "Sasa mtu anajuaje kwamba amekosa?"

Nikamwambia kwamba hakuna siku anayojua. Anaitazama simu asubuhi, anaitazama mchana, anaiweka karibu akiwa anawaogesha watoto, na kuna siku anakuta ameshaacha kuitazama. Mama akauvuta ungo karibu na miguu yake.

"Afadhali yangu," akasema, na hakuwa anatania.